Kolekole na Jamaa Zake: Kumtambua Samaki wa Pwani Afikapo Lushoto

Samaki wa baharini hafiki Lushoto kwa njia fupi. Huvuliwa usiku katika maji ya Tanga, Pangani au Mkinga, hushushwa alfajiri, hununuliwa kwa mnada, hupakiwa garini, hupita Segera na Korogwe hadi Mombo, na hapo ndipo huanza kupanda kona za barabara ya Soni. Ni safari ya zaidi ya kilomita 150, na katika safari hiyo hupita mikononi mwa mvuvi, mnadi, mchuuzi wa jumla na mchuuzi wa rejareja. Kila mkono huongeza bei kidogo. Tena, kila mkono humpunguzia samaki huyo kitu kimoja ambacho mlaji hakioni: taarifa. Akifika katika meza ya soko la Lushoto, Soni au Mlalo, mara nyingi jina lililobaki ni moja tu, nalo ni «samaki wa Tanga».

Katika sura hii tunaeleza familia moja ya samaki hao, yaani kolekole na jamaa zake wakubwa kwa wadogo. Tumewachagua kwa sababu mbili. Kwanza, wana alama ambazo mtu yeyote mwenye macho anaweza kuzitambua mezani pasipo chombo chochote. Pili, wamo katika kundi la samaki ambao wakikosa barafu huweza kumdhuru mlaji hata kama wamepikwa vizuri, na hata kama hawanuki. Mkazi wa milimani ana haja ya kulijua jambo hili la pili kuliko mkazi wa pwani, kwa kuwa yeye humpata samaki baada ya saa nyingi, na kwa kuwa hewa ya baridi ya Usambara humpa matumaini yasiyo na msingi.

Wataalamu wa viumbe huiita familia hii Carangidae. Ina jenasi zipatazo 30 na spishi zinazokaribia 150, zilizoenea katika bahari zote za joto duniani. Wamo ndani yake samaki wa ukubwa wa kiganja na wamo majitu. Kolekole mkubwa kuliko wote, ambaye jina lake la kitaalamu ni Caranx ignobilis, huweza kufikia urefu wa mita 1.7 na uzito wa kilo 80. Jina hilo alipewa na Peter Forsskål, mtaalamu aliyesafiri katika Bahari ya Shamu na kufia Yemen mwaka 1763. Maandishi yake yalichapishwa mwaka 1775, baada ya kifo chake. Neno «ignobilis» ni la Kilatini na maana yake ni «asiye mtukufu», sifa ambayo wavuvi wa mshipi wa pwani yetu wasingekubaliana nayo hata kidogo, kwani kolekole akinasa ndoana humpigania mvuvi kuliko samaki wengi wa ukubwa wake.

Sasa tuzitazame alama zenyewe. Mshike samaki mkiani, pale mwili unapokwisha na pezi la mkia linapoanza. Samaki wengi wa familia hii wana shina la mkia lililo jembamba sana kulingana na mwili, na pezi la mkia limegawanyika kama panda. Kisha pitisha kidole ubavuni, kutoka katikati ya mwili kuelekea mkiani. Kwa kolekole utahisi ukwaru wa mstari wa magamba magumu, yaliyopandana moja juu ya jingine, kila moja likiwa na ncha kama jino la msumeno. Magamba mengine ya mwili ni madogo na laini, mara nyingine huonekana kana kwamba hayapo kabisa; lakini mstari huo wa karibu na mkia ni mgumu kiasi cha kumchana mpishi asiyejihadhari. Mpishi mzoefu huukata kwa kisu kabla ya kumpaka samaki viungo. Ukiukuta mstari huo, huna haja ya kumuuliza mchuuzi jina: huyo ni wa jamaa ya kolekole.

Alama ya tatu iko chini ya tumbo. Nyuma ya tundu la haja, kabla ya pezi refu la chini kuanza, kuna miiba miwili iliyojitenga na pezi hilo. Samaki wengine wana miiba ndani ya pezi, lakini miiba miwili iliyosimama peke yake, yenye nafasi kati yake na pezi, ni dalili ya familia hii karibu yote. Kwa samaki aliyezeeka miiba hiyo huweza kuzama ndani ya ngozi, hivyo itafute kwa ncha ya kidole.

Hata hivyo, lazima tuonye kwamba si wote walio na magamba ya msumeno. Pandu, samaki mrefu aliyebanana ubavuni mwenye madoa meusi pembeni, ni wa familia hii lakini ubavu wake ni laini. Tena pandu ana jambo lake: miiba ya mgongoni na ile ya chini ina sumu, si ya kuua, ila ya kumfanya mtu alie usiku kucha kwa maumivu. Akichoma, mkono utiwe katika maji ya moto yanayovumilika. Nyama yake haina sumu hiyo na huliwa bila wasiwasi. Watoto wa pandu wana tabia ya ajabu ambayo tunaitaja kwa kuwa ni nadra katika ulimwengu wa samaki: huwavizia samaki wengine na kuwanyofoa magamba, na magamba hayo ndiyo chakula chao mpaka wakue.

Walaji wengi humchanganya samaki wa jamaa hii na kibua au nguru. Kosa hilo linaeleweka, kwa kuwa wote ni samaki wa kwenda kasi, wenye ubavu wa fedha na mkia wa panda. Tofauti iko mgongoni. Kibua na nguru ni wa familia ya jodari. Nyuma ya pezi la pili la mgongoni, na vilevile chini, wana mfululizo wa vipezi vidogo vitano au zaidi vinavyoelekea mkiani kama meno ya kitana, na ubavu wao hauna magamba ya msumeno. Kolekole wa kawaida hana vipezi hivyo. Yupo mmoja katika jamaa yake aliye na vyote viwili, vipezi vingi na magamba ya msumeno makubwa kupita ya wengine wote, lakini huyo hujitambulisha mwenyewe: mkia wake ni kama umevishwa silaha.

Wadogo wa familia hii ndio wanaoleta utata mkubwa zaidi sokoni, maana huuzwa mafungu kwa mafungu na pengine huchanganywa na vibua katika beseni moja. Wako wa aina mbili hasa. Wa kwanza ni wale wembamba, wa mviringo kama sigara, wa jenasi iitwayo Decapterus. Hao wana kipezi kimoja tu, kilichojitenga, nyuma ya pezi la mgongoni, na kingine kimoja chini yake. Ukihesabu kimoja, ni wa jamaa ya kolekole. Ukihesabu vitano, ni kibua. Wa pili ni samaki mwenye macho makubwa yasiyolingana na kichwa chake, Selar crumenophthalmus, ambaye sokoni huwa na urefu wa sentimita 20 hadi 25 hivi. Jina lake la kitaalamu maana yake ni «jicho la mkoba», kwa sababu jicho limefunikwa na utando mnene wa mafuta ulioacha upenyo mwembamba katikati, mfano wa mdomo wa mkoba wa fedha. Utando huo una umuhimu kwa mnunuzi, nasi tutaurudia.

Kwa miaka mingi vitabu viliiweka familia hii katika oda moja kubwa pamoja na changu, sangara, perege na maelfu ya spishi nyingine zenye miiba mgongoni. Oda hiyo ilikuwa kama kapu la kutilia kila kitu. Utafiti wa vinasaba umelivunja kapu hilo, na sasa kolekole ana oda yake, Carangiformes. Jamaa zake wa karibu zaidi wamekuwa ni fulusi, songoro, na chazo, yule samaki anayejibandika kwa papa na kasa kwa kifyonzio cha kichwani. Wataalamu wanaolipanua kundi hilo zaidi humtia ndani mzia, samaki bapa wa kulala mchangani, na hata sangara wa Ziwa Viktoria pamoja na mgebuka wa Ziwa Tanganyika. Hivyo mkazi wa Lushoto anayemweka kolekole wa Tanga na mgebuka wa Kigoma katika kapu moja ameweka pamoja ndugu wa mbali, ingawa hawafanani na maji yao hayakukutana.

Udugu huo ni wa elimu tu, na haumwongozi mtu jikoni. Kinachomwongoza ni maisha ya samaki huyu baharini. Kolekole na wadogo zake ni samaki wa mwendo. Hawajifichi chini ya mwamba kama chewa wala hawalali mchangani. Huenda kwa makundi, hukimbiza dagaa na samaki wadogo, nao wadogo hukimbizwa na jodari na nguru. Mwendo huo wa kudumu unataka nyama ya aina yake: mkate samaki huyu katikati nawe utaona, chini ya ngozi kufuata mstari wa ubavuni, utepe wa nyama nyekundu iliyoiva rangi. Hiyo ndiyo nyama ya kuogelea bila kuchoka. Ina damu nyingi, ina ladha kali kidogo, na kama samaki wengine wa mwendo ana akiba kubwa ya kiini kiitwacho histidini.

Wadogo wenye macho makubwa hula usiku na huvutwa na mwanga. Wavuvi wamelijua hilo tangu enzi za karabai, na leo hutumia taa za betri na nyavu za kuzungushia. Ndiyo maana samaki hawa hupatikana kwa wingi katika usiku wa giza na kupungua mbalamwezi inapong'aa, kwa kuwa mwanga wa taa haushindani na mwezi mpevu. Mnunuzi wa milimani anaweza kuitumia kalenda hiyo. Fungu kubwa la samaki wa taa likiuzwa kwa bei ya chini siku za mwezi mpevu, ni haki kuuliza wamevuliwa lini.

Tumefika katika jambo lenyewe. Samaki akifa, bakteria waliokuwa katika matamvua na matumbo yake huanza kuenea katika nyama. Baadhi yao huigeuza histidini kuwa histamini, kitu kilekile ambacho mwili wa mtu hukitoa wakati wa mzio. Samaki mwenye histidini kidogo, kama changu, akiharibika hunuka, na harufu humwokoa mlaji. Samaki mwenye histidini nyingi, kama kolekole, kibua, nguru na jodari, huweza kujaa histamini kabla ya kunuka. Mlaji humla kwa furaha, na baada ya dakika chache au saa moja uso humwiva, kichwa humgonga, moyo humwenda mbio, mwili humwasha, na pengine hutapika au kuharisha. Wengine hueleza kwamba walihisi mdomoni ukali kama wa pilipili manga. Kwa kawaida dalili huisha zenyewe kabla ya siku kupita, lakini kwa mtu mwenye pumu au maradhi ya moyo huweza kuwa jambo zito.

Histamini haiondolewi na moto. Haiondolewi na mafuta ya kukaangia, wala moshi, wala ndimu, wala chumvi, wala jokofu la kugandisha. Ikishaingia katika nyama imeingia. Kiwango cha juu kinachokubaliwa na Tume ya Codex, ambayo ndiyo hutunga viwango vya chakula vya kimataifa, ni miligramu 200 katika kilo moja ya samaki, na kipimo hicho hufanywa maabara. Hakuna pua wala ulimi unaoweza kukifanya. Kwa hiyo kinga yake ni moja, nayo ni baridi kali tangu samaki anapotoka majini. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, kwa mfano, huwataka wavuvi wa samaki wa aina hii wawatie katika barafu kabla ya saa 6 kupita tangu samaki afe, ikiwa hewa au maji yana joto zaidi ya nyuzi 28. Joto la pwani yetu katika miezi ya kaskazi hupita hapo kila siku.

Methali husema kwamba samaki mmoja akioza wote wameoza. Kwa harufu methali ni kweli. Kwa histamini haifai, na tunaomba isitumiwe sokoni. Katika beseni moja, samaki aliyekuwa juu akipigwa na jua huweza kuwa na histamini nyingi ilhali aliyekuwa chini karibu na barafu ni salama. Hata katika samaki mmoja mkubwa, kipande cha karibu na kichwa huweza kutofautiana na cha mkiani. Ndiyo sababu watu wanne hula mchuzi mmoja akaugua mmoja, kisha akaambiwa kwamba ana mzio wa samaki. Pengine hana mzio wowote. Tumewahi kupokea maelezo ya walaji walioacha kula samaki kwa miaka kwa sababu ya kisa kimoja cha namna hiyo.

Hapa ndipo baridi ya Usambara inapohadaa. Lushoto iko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, na mtu anayetoka Mombo, ambako joto huunguza, huhisi ameingia ndani ya jokofu. Ni kweli kwamba samaki huchelewa kunuka huku juu kuliko Korogwe. Lakini nyuzi 18 au 20, ambazo kwa binadamu ni hewa ya kupendeza, kwa bakteria hao ni mahali pazuri pa kuishi. Kinachowazuia ni chini ya nyuzi 4, yaani barafu inayoyeyuka juu ya samaki au jokofu linalofanya kazi. Isitoshe, samaki aliyekaa saa kadhaa katika joto la Mombo akisubiri gari la kupanda huwa tayari amebeba kimeng'enya kilichotengenezwa na bakteria hao, na kimeng'enya hicho huendelea kufanya kazi polepole hata samaki akipoa baadaye. Kupanda mlima hakumrudishi samaki nyuma. Kwa hiyo mchuuzi akisema, «Mama, huku baridi, samaki haharibiki,» hasemi uongo kwa kukusudia. Anasema alichokiona kwa pua yake.

Swali la kumuuliza ni kama samaki alikuwa na barafu njiani, si kama meza ina baridi. Ulizia alikoshushwa, siku aliyoshushwa, na kama sanduku lilikuwa na barafu lilipofunguliwa. Kipimo kinachotumika katika nchi za joto ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, ikipangwa safu kwa safu. Kipande kimoja kilichowekwa juu kwa ajili ya macho ya wateja hakitoshi. Mchuuzi aliyelipia barafu atakujibu haraka, kwa kuwa ameigharamia na anataka uijue. Tunawasihi walaji wakubali kumlipa huyo zaidi kidogo. Bei ikiwa ileile kwa mwenye barafu na asiye nayo, baada ya muda barafu itatoweka barabarani.

Alama za kawaida za usafi wa samaki bado zina kazi yake, kwa maana samaki aliyeharibika waziwazi hana haja ya maabara. Matamvua yawe mekundu wala si ya kahawia. Nyama ikibonyezwa irudi. Tumbo liwe limekaza. Jicho liwe limetuna na kung'aa, lakini kwa wale wenye jicho la mkoba tahadhari inahitajika. Utando wa mafuta hufanya jicho la samaki mzima na mzuri lionekane kama lina ukungu pembezoni. Tazama ule upenyo wa katikati tu: hapo pawe peupe na angavu. Tumeona wanunuzi wakiwakataa samaki wazuri wa aina hii kwa sababu ya jicho, kisha wakachagua kibua wa juzi ambaye jicho lake halina utando wa kumsingizia.

Samaki wa kukaanga wanastahili aya yao, kwa kuwa ndio wanaouzwa zaidi mahali pasipo na barafu. Kukaanga si kosa. Kwa kweli ni njia ya busara. Samaki aliyekaangwa Tanga asubuhi ileile aliyovuliwa husafiri vizuri kuliko mbichi asiye na barafu, kwa sababu moto huwaua bakteria kabla hawajafanya kazi. Taabu iko kwa samaki aliyesafirishwa mbichi, akakosa mnunuzi siku ya kwanza, ndipo akaingizwa katika mafuta siku ya pili ili asitupwe. Rangi ya dhahabu ni moja, harufu ya viungo ni moja, na hakuna alama ya nje ya kuwatofautisha. Muulize mkaangaji amekaangia wapi na lini, na ukimjua mkaangaji mmoja mwaminifu, shikamana naye. Vivyo hivyo kwa ng'onda na samaki wa chumvi: akipasuliwa na kutiwa chumvi akiwa bado mbichi kabisa, ni chakula kizuri, akitiwa chumvi kwa sababu ameanza kulegea, chumvi imefika baada ya histamini.

Kwa kuwa samaki hawa huenda kwa makundi, wamekuwa pia windo la wavuvi wa baruti. Uvuvi huo umepigwa marufuku nchini mwetu tangu mwaka 1970, na pwani ya Tanga ni miongoni mwa zilizoumizwa nao sana. Samaki wa baruti kwa nje huweza kuonekana mzuri, lakini mpishi humjua akimpasua: uti wa mgongo umevunjika au umeachana na nyama, damu imevilia kandokando yake, kifuko cha hewa kimepasuka, na nyama imelegea kama iliyopikwa nusu. Samaki huyo huoza upesi, kwa kuwa matumbo yake yamepasuka na bakteria wamemwagika katika nyama tangu dakika ya kwanza. Mlaji anayemkuta hivyo ana haki ya kumrudisha, na tunamwomba amtaarifu afisa uvuvi au afisa afya bila kujitia katika ugomvi na mchuuzi, ambaye pengine naye aliuziwa gizani.

Wako pia samaki wa kugandishwa. Namibia huvua kwa wingi samaki mmoja wa jamaa hii, Trachurus, na kumsafirisha nchi nyingi za Afrika akiwa amegandishwa. Kinshasa ni maarufu kwa jina la mpiodi. Ukikutana naye katika boksi utamtambua kwa magamba ya msumeno yanayoenea ubavu mzima, kutoka nyuma ya kichwa hadi mkiani, wakati kwa wadogo wa pwani yetu huwa ni sehemu ya nyuma tu. Ni samaki mzuri, mradi boksi lisiwe limeyeyuka na kugandishwa tena. Barafu iliyoganda chini ya boksi kama dimbwi, au samaki walioshikamana na kupinda, ni dalili ya kuyeyuka huko. Aliyeyeyushwa apikwe siku ileile. Na anayeuza kwa kilo apime samaki, si barafu, juu ya mizani yenye muhuri wa Wakala wa Vipimo. Kuutazama muhuri huo si utovu wa adabu.

Nyumbani, hasa kwa wanaokaa mbali na umeme kama baadhi ya vijiji vya Mtae na Bumbuli, nunua kinachotosha chungu kimoja. Mtoe samaki matumbo na matamvua mara ufikapo, mwoshe, mpike. Akipikwa, asikae mezani mpaka kesho.

Mtu akipatwa na dalili tulizozieleza, aache kula na aende zahanati au hospitali, hasa akihisi kubanwa kifua, na amweleze mganga kwamba amekula samaki, wa jamaa gani, na saa ngapi. Taarifa hiyo humsaidia mganga kuchagua dawa, maana dawa za mzio ndizo hutumika. Kipande kilichobaki kisitupwe wala kisipewe paka. Kifungwe katika mfuko safi, kiwekwe katika barafu au jokofu, na afisa afya wa kata au wa wilaya ajulishwe mahali kiliponunuliwa na siku yake. Tangu mwaka 2019 dhamana ya usalama wa chakula iko kwa Shirika la Viwango Tanzania, na kipande hicho cha samaki ndicho ushahidi pekee ambao maabara inaweza kuupima.